Mtani na Mashine ya Mkia

Kwa miaka mingi pale Visiga, kila kulipopambazuka, mtu mmoja alisimama mbele ya nyumba yetu na kuuliza kwa sauti kama nimeshakufa.

"Jamani, yule Mzaramo mwoga kafa, au bado yupo? Nimekuja kuchukua sufuria zangu."

Nami huko ndani, uso sijanawa, nilimjibu, "Utatangulia wewe, mbeba mizigo wee! Sufuria zangu utaziona kwa macho tu."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akashika njia yake ya kwenda shamba la mkonge. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Siku ambayo hakupita nilishinda na wasiwasi, nikidhani kafa yeye.

Tulimwita Mtani. Watoto walimwita Mtani, imamu alimwita Mtani, na karani wa shamba, ambaye lazima alikuwa na jina lake mahali, naye alimwita Mtani. Yeye alikuwa Mnyamwezi na sisi Wazaramo, na utani wa makabila haya mawili tuliukuta. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako ukimwona, anaweza kucheka msibani kwako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, aliyekosa adabu ni wewe. Kama unataka kitu chako kirudi, unampa chochote kidogo cha kukikomboa, naye akishapewa hana ruhusa ya kukataa. Ni lazima apokee na arudishe.

Alikozaliwa na watu wake huko bara sikuwahi kumuuliza, na nisingependa kubuni. Nasimulia niliyoyaona mwenyewe, na niliyoyaona niliyaona kwa macho ya mtu mwoga. Mimi naogopa radi, naogopa visima visivyo na kifuniko, naogopa lori linaporudi nyuma. Mume wangu alizoea kusema kwamba naogopa kwa niaba ya Visiga nzima, ili wenzangu walale. Aliyenicheka kuliko wote kwa uoga huo alikuwa Mtani.

Kuchukua alikuwa bingwa. Aliwahi kuingia uani nikiwa na wageni kutoka Mlandizi, akamkamata kuku niliyekusudia kumchinja, akamweka kwapani na kuwaaga wageni kwa heshima zote. "Nipe kabla sijachukua," ndiyo kauli yake, ila alikuwa akiisema akiwa ameshachukua. Nilimkomboa yule kuku kwa kata ya mchele. Jioni yake akapita tena, akauacha ule mchele kizingitini pamoja na kifungu cha chumvi, na nilipotaka kumshukuru akanitukana.

Baba mkwe wangu alipofariki, Mtani aliwatangulia waombolezaji makaburini. Sisi wanawake hatukwenda huko, nilisimuliwa na mume wangu. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Mtani akaruka ndani, akajilaza kwenye mwanandani na kufumba macho. "Mzee wenu atalala wapi? Chumba kina mtu." Mpaka alipoahidiwa jogoo ndipo akatoka, kajaa udongo. Wakati huohuo sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa bado tunalia. Aliporudi kutoka makaburini alivaa koti la marehemu na tarbushi yake, akaingia kwa mwendo wa marehemu, bega moja chini, na kuagiza chai kwa sauti ya marehemu. Nilishikwa na hofu ambayo sijaisahau mpaka leo. Mama mkwe, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu kifo, alimrushia upawa, akacheka, akalia upya, kisha akaomba uji. Nadhani Mtani alijua anachokifanya. Mimi nilijifungia chumbani mpaka alipolivua lile koti.

Sasa mtu huyohuyo aliyelala kaburini kwa mzaha, alikuwa akiogopa cherehani.

Nasema kweli. Fundi wetu wa nguo alikuwa na baraza lake kando ya barabara ya Morogoro, na Mtani akifika hapo alivuka upande wa pili. Mtu akigeuza baiskeli juu chini na kuzungusha gurudumu ili aone kama limepinda, Mtani alisogea nyuma. Hakuvaa kanzu, hata Idi. Alikuja kuswali na shati lililombana na suruali iliyofungwa kamba miguuni, na imamu alipomsema alijibu kwamba kanzu amewaachia Wazaramo, wao wana nafasi ya kupeperuka. Watu walicheka, na mambo yakaishia hapo.

Kazi yake kule shambani ilikuwa korona, ile mashine kubwa inayochana majani ya mkonge, inayovutwa na injini kwa mkanda mrefu wa ngozi. Niliwahi kumuuliza, "Mtani, kama unaogopa cherehani, pale korona unasimamaje?"

"Pale nalipwa kuogopa," akasema. "Kwa fundi cherehani niogope bure?"

Na alikuwa na desturi nyingine. Akikupa mkono hakuuachia upesi. Aliushika akautembezea dole gumba, kidole kimoja baada ya kingine, huku mdomo wake ukiendelea na matusi. Nilidhani ndiyo adabu ya watu wa bara.

Mume wangu alikuwa mchongaji wa mpingo. Alichonga vitana, bakora, vibweta vya wanja, na vinyago ambavyo Wazungu wa Dar es Salaam walivitaka sana baada ya vita. Mpingo ni mgumu, mtu anaupiga tezo na tezo linamrudishia pigo mkononi. Mwisho kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba. Asubuhi hakuweza kukunja vidole mpaka nimkande kwa maji ya moto. Hatukuwa na shamba la kutosha kulisha watoto, tulikula kwa mkono ule. Kila nilipoukanda niliwaza, huu mkono ukifa, tumekwisha.

Ndipo akasikia kwamba Kisarawe kuna mwenye duka mmoja, Mhindi, amepata kutoka mjini mashine za kuchongea. Tulikwenda watatu. Mume wangu alikwenda kuchagua, Mtani kwa sababu anajua injini, na mimi kwa sababu mama yangu alikuwa akikaa Kisarawe na nilikuwa sijamwamkia siku nyingi. Lakini kwa mama nilipita tu. Moyo wangu ulikuwa kwenye uwanja wa nyuma ya duka, zilikokuwa mashine.

Mashine zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na mkia. Sina jina jingine la kuuita. Ni mrija mrefu unaokunjika, umevikwa ngozi, na ndani yake kuna waya mnene uliosokotwa, na waya huo ndio unaozunguka. Mwisho wa mkia kuna kishikio, na mdomoni mwa kishikio linabanwa jino la chuma linalokula mti. Mashine ya kwanza ilikuwa ya mguu, ya daktari wa meno. Unakanyaga, gurudumu linakwenda, mkia unazunguka. Ya pili ilikuwa na injini ndogo ya petroli, na mkia wake ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto.

"Hii ya mguu, ukichoka, nayo inachoka," alisema mwenye duka. "Hii ya injini haijui kuchoka. Chagua mwenyewe, bwana fundi, bei hazipishani sana."

Mume wangu alichagua kama mtu anayechagua mke wa mwanawe. Alivipima vishikio mkononi huku kafumba macho. Akauliza mkia upi unapata moto upesi, unaweza kukunjwa kiasi gani kabla haujalalamika, meno yanapatikana wapi yakiisha. Akakaa kwenye ile ya mguu na kipande cha mpingo. Jino liligusa mti, likaguna, likasimama. Akakanyaga tena, likasimama tena. Alilazimika kulibembeleza, akitoa unga kidogo tu. Kisha Mtani akaivuta kamba ya injini, na mume wangu akashika kishikio cha pili. Mpingo uliliwa kama muhogo mbichi. Niliuona uso wake ukifunguka, kwa mara ya kwanza tangu mkono ulipoanza kuvimba.

Halafu jino likang'ata. Sijui liligusa nini, fundo labda. Kishikio kikasimama na injini haikusimama, na mkia wote ukajikunja wenyewe, ukaruka juu, ukampiga mume wangu kofia ikaenda chini. Akaachia. Ukaendelea kujipigapiga mchangani mpaka Mtani alipoizima injini. Mimi nilikuwa nimeshapiga kelele. Waliokuwepo walicheka, na mume wangu alicheka zaidi yao, akaokota kofia.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

"Ukiichukua hiyo," Mtani akasema, "nitakuja kukuzika. Koti lako litanifaa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Sitanii," akasema.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mwenye duka naye akacheka. Mtani atasema nini kingine zaidi ya kwamba hatanii? Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona hakucheka, wala macho yake hayakuitoka mikono ya mume wangu. Njiani nilimwambia mume wangu. Akasema, "Kakutia hofu mke wangu, na hiyo ndiyo kazi yake."

Mashine ililetwa kwa lori la magunia, ikafungwa kwenye banda letu. Alasiri hiyohiyo Mtani akaja, akafungua kishikio, akakitia kifuani na kuondoka nacho. Mume wangu alicheka, akampelekea jogoo. Mtani akampokea, akarudisha kishikio, maana ndiyo sheria. Siku ya pili akakichukua tena, akakombolewa kwa shuka. Alikaa na lile shuka mkononi muda mrefu kabla hajakitoa. Nikaelewa kwamba alikuwa akisogeza siku, na kwamba zawadi zetu ndizo zilizomfunga. Katikati ya siku hizo mume wangu aliijaribu kazi. Mkia ulimdaka pindo la kikoi, ukalichana kabla hajazima, na yeye akaniambia nisimweleze mtu, asije akachekwa. Usiku ule sikulala. Niliusikiliza mkono wake ukipumzika kifuani kwake, nikaona kwamba heri uwe umevimba kuliko usiwepo.

Ijumaa, baada ya swala, wanaume walikuwa wameketi barazani kwetu. Mtani akapita katikati yao bila tusi hata moja, akaingia bandani, akatoka na kishikio.

Mume wangu akatabasamu. "Haya, leo unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Chukua kuku."

"Sitaki kuku."

Mzee mmoja akamkumbusha taratibu kwamba mtani akipewa hakatai.

"Mimi si mtani wake," akasema. "Kuanzia leo mimi na nyumba hii hatutaniani. Nimeiba. Kanishitakini kwa jumbe."

Nilikuwa nimemwona mtu huyu kavaa koti la marehemu na sikuogopa hivi. Hakuna aliyepata kusikia mtani anauvua utani wake, hata wale wazee. Mume wangu akabadilika rangi, kisha akaona aibu mbele za watu, na aibu ikawa hasira. Wakaenda kwa jumbe, wanaume wote nyuma, na sisi wanawake tukasimama nje ya ua wake tukisikiliza.

Jumbe akauliza, "Umeiba?"

"Nimeiba."

"Kwa nini?"

Alipoanza, hata sauti haikuwa ile.

"Kabla ya hapa nilifanya kazi korona ya shamba jingine. Huko nilikuwa na mtani wangu, Mzaramo kama nyie. Alikuwa akijifunga shuka kiunoni, ncha inaning'inia. Nikamwambia, funga vizuri, mkanda utakumeza. Akacheka. Nikamwambia tena, sitanii. Akasema, ukilitaka shuka langu lichukue, usinizunguke. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kesho yake mkanda ukamkamata. Nilimdaka mkono nikauvuta. Mkono niliupata. Yeye sikumpata."

Nje ya ua mwanamke mmoja alianza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa nikimkumbuka akipitisha dole gumba kwenye vidole vyangu.

"Kisarawe nilisema, mkacheka," akaendelea. "Hamkukosea, mimi ni mtani wenu. Nikaona hamtanisikia mpaka niuvue. Basi nimeuvua. Nifungeni."

Jumbe akamgeukia mume wangu na kumuuliza anadai nini. Mume wangu aliutazama mkono wake wa kulia, akaufumba na kuufumbua kwa shida. Akasema hana dai. Lori lililofuata likairudisha ile injini Kisarawe, na yeye akarudi na ile ya mguu.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikuwa mazuri. Ile ya mguu ilikuwa polepole, ikimchosha goti badala ya mkono. Vinyago vikubwa aliviacha, akabaki na vitana na vibweta. Ile ya injini ilichukuliwa na mchongaji mmoja wa hukohuko Kisarawe, akatajirika nayo. Miaka ikapita na vidole vyake vyote vipo. Habari hizo zilifika Visiga, na watu wakasema chinichini kwamba uoga wa Mnyamwezi umemponza mume wangu. Yeye hakusema, ila nilimwona wakati mwingine ameacha kukanyaga, anatazama tu ule mkia mwembamba. Mimi sikujali. Jua likizama na vidole vipo, nilishukuru.

Tulichopoteza kilikuwa kingine. Asubuhi yule mtu alipita na kusema, "Hamjambo humu ndani?" nasi tukajibu, "Hatujambo." Basi. Kumwita Mtani hatukuweza tena, na jina lake hatukuwa nalo. Tukawa tunasema "yule bwana". Misiba ilikuja na yeye akakaa mkekani kimya pamoja na wengine, kama mgeni, na misiba ikawa mizito. Mume wangu alituma wazee wakamwombe aurudishe utani. Akawapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa, wakarudi na jibu lisiloeleweka. Mwisho akaacha kazi shambani na kuhamia Mbwawa, akalima mihogo.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda Mbwawa kwenye harusi ya binamu yangu. Alikuwa ameketi peke yake kwenye baraza la duka, kichwa kimebaki upara mtupu, shati limembana vilevile. Nikampa shikamoo, na ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kwake.

"Marahaba, mama. Mumeo?"

"Mzima. Anachonga vitana."

"Vidole?"

"Vyote."

Akashusha pumzi. Nikakaa. Sijui nini kilinituma, labda ni yale maneno ya watu niliyoyasikia miaka yote, nikamwambia, "Yule wa Kisarawe aliyechukua ile ya injini, naye vyake vyote vipo. Pengine ulikosea, baba."

"Najua vipo. Huwa nakwenda kumtazama."

"Kisarawe? Kwa miguu?"

"Nanunua kitana," akasema, akijipapasa upara. "Namwangalia mikono, narudi. Nilimwambia akate mikono ya kanzu yake, na asiuache mkia ulale miguuni. Akakata. Huyo mimi si mtani wake, alinisikia siku hiyohiyo."

Nikamweleza ujumbe ambao mume wangu alikuwa akinipa kila nilipotoka, kwamba nikimkuta nimwambie arudi, nyumba ni ileile na matusi yake tunayataka.

"Mwambie nimejaribu. Nimesimama njiani pale kwenu nikitafuta tusi, kila mara inanijia mikono yake tu. Mtu ukimwogopea hivyo, utani hautoki."

Ng'ambo ya njia fundi baiskeli aligeuza baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu. Tukarudisha miguu nyuma, yeye na mimi, kwa pamoja. Maisha yangu yote nimechekwa kwa uoga, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Nikamuuliza ni nini kingine anachoogopa. Akaanza kunitajia, nami nikamtajia vyangu, mpaka jua likapinduka na harusi nikaikosa.